Chipu ya TPM katika vipakatalishi vya mtumba: je, itatuzuia kuweka Linux?

Mlezi_wa_Maktaba (Kakamega)

Hamjambo wanajukwaa. Ninasimamia chumba cha kompyuta katika maktaba ndogo ya kijamii hapa Kakamega, na kikundi chetu kimechanga fedha za kununua vipakatalishi vya mtumba kwa muuzaji mmoja wa Kisumu. Ana mafungu mawili, moja lenye prosesa za Intel za kizazi cha 6 na jingine la kizazi cha 8, ambalo bei yake imepanda sana. Anadai kwamba lile la kwanza ni chuma chakavu kwa kuwa halina chipu ya TPM, yaani chipu ya usalama inayotunza funguo za siri, na bila chipu hiyo Windows 11 haiingii. Kijana wetu mmoja anashikilia kinyume chake: kwamba chipu hiyo ni mtego wa kuzuia programu huria kama mfumo endeshi wa Linux, na kwamba tukiipata tutakuwa tumenunua mashine zinazotawaliwa na watu wengine. Isitoshe, vitabu vya kielektroniki tulivyonunuliwa na mfadhili hufunguka kwenye akaunti yake tu, nami sijui kama chipu hiyo inahusika. Naomba mnishauri kabla hatujalipa.

Fundi_Nakuru

Mlezi, wote wawili wamechanganya mambo. Vipakatalishi vingi vya ofisini vya kizazi cha 6 vina TPM. Kinachovikwamisha ni orodha ya prosesa ambazo Microsoft inazikubali, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8, ukiacha chache za kizazi cha 7. Chipu yenyewe haina mamlaka ya kuzuia programu yoyote. Hutunza funguo za siri, na mashine inapowaka hupokea vipimo vya kila programu inayopakiwa, kisha hutoa ufunguo iwapo tu vipimo hivyo vinalingana na vile vilivyowekwa awali. Linux pia huitumia kufungua diski iliyosimbwa, yaani iliyofungwa kwa msimbo wa siri.

Kinachoweza kukataa mfumo usiotambulika ni Secure Boot, kinga inayokagua saini ya programu za kuwashia mashine, nayo ni kitu kingine. Matoleo ya Linux kama Ubuntu, Debian na Fedora hupita humo kwa sababu kipakiaji chao cha kwanza kimetiwa saini na Microsoft, na katika kompyuta nyingi unaweza kuizima kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayowasha kompyuta.

Mtego ninaokutana nao mezani kwangu ni nenosiri la BIOS lililoachwa na kampuni iliyomiliki mashine hapo awali. Mteja hufika na kipakatalishi kinachowaka vizuri kabisa, lakini ukibonyeza F2 ili ubadilishe mpangilio wa kuwasha, kinakuonyesha kisanduku kitupu cha nenosiri ambalo hata aliyekiuza halijui. Kwa hiyo ingia kwenye BIOS ya kila mashine mbele ya muuzaji, kisha iwashe kwa flashi yenye Linux, ndipo utoe pesa.

Nyakisumu

Nakubaliana na Fundi kuhusu ununuzi, ila asimdharau kijana yule. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, aliuita mpango wa chipu hizi ukompyuta wa usaliti, na hoja yake haikuwa kwamba chipu itazima Linux. Chipu inaweza kumthibitishia mtu wa mbali ni programu gani zinazoendeshwa kwenye mashine yako, naye akakunyima huduma kwa sababu umebadilisha kitu. Kwenye simu tumekwisha kuyaona: programu kadhaa za benki hugoma ukiweka mfumo mwingine. Funguo zikiwa mikononi mwa mwenye kompyuta ni ulinzi. Zikiwa kwa mtengenezaji, mwenye kompyuta ni mpangaji tu.

Ama vitabu, TPM haihusiki. Kufuli liko kwenye faili na akaunti. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu vya George Orwell kwenye vifaa vya kusomea vya Kindle vya watu waliokwisha kulipa, na vifaa hivyo havikuwa na hitilafu yoyote. Msijaribu kulivunja kufuli hilo, maana Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kukwepa vizuizi vya aina hiyo. Mwombeni mfadhili anunue vitabu vya muundo wa EPUB visivyo na kufuli. Kwa watoto, tovuti ya African Storybook ina hadithi zenye leseni huria, zikiwemo za Kiswahili na Oluwanga, lahaja ya Kiluhya.

Mlezi_wa_Maktaba (Kakamega)

Ahsanteni sana. Tutachukua fungu la kizazi cha 6 kwa ajili ya wasomaji, pamoja na mashine moja ya kizazi cha 8 ya mweka hazina, ambaye programu yake ya hesabu hutaka Windows. Je, hiyo tuiache ilivyo?

Fundi_Nakuru

Iwekeni Windows 11 upya, kwani msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kisha angalieni kama BitLocker, kinga ya Windows ya kusimba diski, imesimba diski yenu; mara nyingine hujiwasha yenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ikiwa imesimba, nakilini ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 kwenye karatasi na kuufungia kabatini, kwa sababu mkisasisha BIOS au kubadilisha bodi, TPM inaweza kukataa kutoa ufunguo wake, na bila tarakimu hizo hesabu za kikundi hazitapatikana tena.

Na Linux ya wasomaji isakinisheni bila kuifuta TPM. Haihitaji kuguswa.