Mpiga drams si mwanasarakasi! Nimechoka na kipimo chenu cha kasi

Assalaam alaykum wana jukwaa, na habari zenu nyote. Naomba radhi mapema, maana leo naandika roho iko juu.

Tangu ile klipu ya kijana wetu akipiga drams kwenye hoteli ya huku pwani ya mashariki ianze kuzungushwa, kila nikifungua simu nakuta "balaa huyu", "mashine", "Zanzibar hajazaliwa kama yeye". Sasa limezuka na zogo la nani mpiga drams bora wa roki duniani. Watu wazima, wengine nawajua wamelelewa ndani ya muziki, wanatukanana, na kipimo chao ni kimoja tu: nani ana mikono myepesi zaidi na nani kazungukwa na ngoma nyingi zaidi. Kama ni kasi peke yake, hata cherehani ina kasi. Kaitunzeni hiyo.

Mie napiga gitaa la bezi. Nasema hivyo mjue nimekaa wapi: ubavuni mwa mpiga drams, na mguu wake wa kulia ndio riziki yangu. Ule mguu ukitua kwenye ngoma kubwa, kidole changu nacho kitue hapo hapo kwenye waya, si kabla si baada. Vikitua pamoja, msikilizaji hatambui ngoma wala bezi, anaona tu mwili umeanza kwenda wenyewe. Vikipishana kidogo, wimbo unalegea. Mtu hajui kimeharibika nini, lakini hamu ya kuinuka hana tena. Hiyo ndiyo kazi. Madoido ni halali kwa aliyekwisha kuimaliza hiyo kwanza.

Sasa niwaambie ambacho klipu haikuonyesha, kwa sababu nilikuwepo, gitaa langu begani. Wageni waliomba nyimbo za Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza. Hilo si ajabu, mgeni akishapitishwa Shangani, Mji Mkongwe, akaambiwa muimbaji wao Freddie Mercury kazaliwa hapa Unguja, usiku ataomba Queen tu. Tukawapa "We Will Rock You". Kwa wasioufuatilia, wimbo ule wa 1977 hauna seti ya drams hata kidogo. Ni miguu miwili chini, kofi moja, miguu miwili, kofi moja, mpaka gitaa linapoingia mwishoni. Brian May, mpiga gitaa wao, aliutunga makusudi ili watu waliokuja kusikiliza wawe ndio bendi. Roger Taylor wa Queen ni mpiga drams wa kutajwa, lakini mule drams zake zimekaa kimya.

Wageni wakaanza vizuri sana. Mzee mmoja kavua ndara anakanyaga mbao za sakafu, mkewe anapiga makofi, watoto wamepanda juu ya viti, hata wahudumu wametua trei zao. Kijana wetu akaenda nao mizunguko michache, kisha mkono ukamwasha. Akajaza mapigo pale penye kimya. Akajaza tena, safari hii akazipita ngoma zote mpaka kwenye toazi, na toazi likalia mahali pa kofi. Yule mama kofi lake likabaki hewani. Akatazama mikono yake, akatazama ya mumewe, akajaribu kudaka, akakosa. Meza ya kwanza ikanyamaza, ya pili ikafuata, na gitaa linaingia watu wameshamrudia pweza wao kwenye sahani. Klipu mnayoishangilia inaanzia hapo hapo, simu imeelekezwa kwenye mikono ya kijana, wageni hawaonekani. Ndiyo maana mnaipenda.

Halafu kuna mtu humu kaandika, bila ya haya, kwamba Charlie Watts "alikuwa hana kitu". Mpiga drams aliyeibeba bendi ya Rolling Stones tangu 1963 mpaka anafariki Agosti 2021! Na kwa seti ndogo ya mwaka 1957 ambayo nyie mngeiona ya kufundishia watoto wa skuli. Mtazameni mkono wa kulia. Kila wa kushoto unapopiga ile ngoma ya katikati, wa kulia unainuka na kuliacha toazi. Anapunguza! Pigo lile linabaki peke yake, wazi, halina wa kugombana naye, na bendi nzima inaegemea hapo. Nyie mmetazama video zake miaka nenda miaka rudi mkisubiri afanye kitu, na alikuwa anakifanya mbele ya macho yenu.

Najua mtaniletea John Bonham wa Led Zeppelin. Mleteni, namtaka huyo huyo. Mdundo wake wa "When the Levee Breaks", ambao watu wa rap wameukata na kuutumia chungu nzima, ni wa polepole. Drams ziliwekwa chini ya ngazi katika jumba kongwe la Headley Grange huko Uingereza, maikrofoni zikatundikwa juu ghorofani, na nyumba yenyewe ikawa inaitikia. Ule ukubwa mnaousikia umo katika nafasi baina ya pigo na pigo. Angejaza kila pengo kama kijana wetu, nyumba ingepata wapi pa kuitikia? Ndiyo, mguu wake ulikuwa mwepesi ajabu, na jukwaani alikuwa akiachiwa apige peke yake mpaka basi. Lakini alijua wimbo upi unataka nini.

Na Rick Allen, mpiga drams wa bendi ya Def Leppard, mtamuweka wapi? Tarehe 31 Disemba 1984 alipata ajali ya gari, mkono wa kushoto ukakatika. Akatengenezewa seti ya umeme yenye pedali, kazi ya mkono uliokwenda akaihamishia mguuni, na mwaka 1987 wakatoa "Hysteria", albamu iliyouzwa mamilioni kwa mamilioni. Kwa hesabu yenu ya mikono, huyu kashapoteza nusu. Neil Peart wa bendi ya Rush mwenyewe, mfalme wenu wa ngoma nyingi, alipokuwa keshatukuka dunia nzima alikwenda kwa mwalimu Freddie Gruber kujifunza upya namna ya kuutembeza mkono. Hakwenda kutafuta kasi, kasi alikuwa nayo.

Kinachoniuma khasa ni kwamba haya yanasemwa na Wazanzibari. Mngekuwa hamjawahi kuona ngoma ningewasamehe. Hebu nendeni harusi ya shamba penye kidumbak mkatazame: fidla inalia kama imepagawa, sanduku la bezi linavuma, vidumbak, zile ngoma ndogo mbili, vinajibizana, cherewa, yale manyanga, zinachakacha. Na pembeni yuko mtu wa mkwasa, vijiti viwili tu mkononi, pigo lile lile tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Hakuna anayemrekodi. Siku akipitiwa, akakosa, utaona fidla inamgeukia, na akina mama waliokuwa wanakata viuno wanasimama na kuuliza kulikoni, tena kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Marehemu Bi Kidude alikuwa akiifunga ngoma ya unyago kiunoni na kuitwanga mwendo mmoja mpaka watu wamelowa jasho. Nani aliwahi kumuuliza ana kasi gani?

NYONGEZA: Naona mmeshaanza. Anayesema "wivu huo", mie ni mpiga bezi, nimuonee wivu wa nini? Anayesema mpiga drams asiyeweza kupiga peke yake si mpiga drams, kamtafute Ringo Starr. Aliingia Beatles Agosti 1962, na katika rekodi zao zote alipiga peke yake mara moja tu, kwenye "The End" ya 1969, sekunde chache, na hakuwa na hamu. Kazi yake kawaachia nyimbo. Na anayeniambia roki si yetu, basi nawe acha kuibishia.

Sasa kilichonitoa ukimya. Kiongozi wetu wa bendi, simtaji, mwenyewe anajijua, kaiona klipu na idadi ya waliopenda, na sasa anataka kumwondoa kaka yetu mkubwa aliyetupigia drams miaka yote ili nafasi apewe kijana. Eti kwanza washindanishwe, anayepiga haraka ndiye abaki. Kijana simchukii, mikono anayo na atafika mbali akipata wa kumrudi. Lakini mashindano hayo sikubali. Wapeni wote wawili wimbo mmoja wa taratibu, ule mwendo ambao kila pigo unalisubiri mpaka unaona limechelewa. Huko ndiko mtu anakovuliwa nguo. Wapige wimbo mzima bila ya kujaza kitu, na sisi wengine tupige nao. Kisha asiulizwe mtu wa simu. Niulizwe mie mwenye bezi, aulizwe muimbaji, na waulizwe wahudumu ni meza ngapi ziliinuka.

Kama hataki, atafute na mpiga bezi.