Mrefu, mikono mirefu, lakini napenda kupigana ndani. Inawezekana?

Twiga wa Ulingo
Wakuu, heshima kwenu. Nina urefu wa sentimita 188, napigana uzito wa kilo 67, ngumi za ridhaa. Mikono yangu nikiinyoosha inazidi urefu wangu mwenyewe. Kila kocha akiniona anasema yaleyale: kaa mbali, piga jebu (ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele), zunguka. Naliweza hilo, ila silipendi. Roho yangu inataka kupigana ndani, yaani kwa ukaribu: kumbana mtu kwenye kamba na kumfanyia kazi mbavuni mpaka achoke.

Shida ni kwamba nikishaingia mikono inakosa pa kwenda. Ngumi za kuzungusha zinampita mtu na kuangukia kisogoni, refa ananionya. Nikisogea zaidi nabaki kusukuma tu, ngumi hazina uzito. Na wafupi wananiokota kidevu kwa apakati, ngumi ya kutoka chini kwenda juu, kirahisi mno. Je, mtindo huu unafaa kwa umbo langu au niache ubishi? Nawasilisha.

Kona Nyekundu
Acha ubishi. Mtu mfupi anahangaika raundi nzima kutafuta njia ya kukufikia, halafu wewe unamfungulia mlango na kumkaribisha. Thomas Hearns, bondia mrefu, alikubali kubadilishana makonde na Marvin Hagler mwaka 1985. Raundi ya tatu akapigwa, ikaisha kazi.

Mama wa Pedi
Kona Nyekundu, mfano huo haukai sawa. Hearns aliumia mkono wa kulia mapema sana siku ile, na hakuwa bondia wa ndani hata kidogo. Alivutwa kwenye vita ya mwenzake. Ukitaka mifano, chukua warefu walioishi humo ndani. Sandy Saddler alikuwa na kama sentimita 174 kwenye uzito wa unyoya, mrefu kwa uzito ule, na alimshinda Willie Pep mara tatu katika mapambano manne kwa kumng'ang'ania, kumgeuza na kumpiga karibu. Alikuwa mchafu pia, hilo tusilifiche. Riddick Bowe, sentimita 196, alimvua Evander Holyfield ubingwa mwaka 1992, na sehemu kubwa ya kazi ile aliifanya wakiwa kifua kwa kifua.

Sasa Twiga mwanangu, sikiliza. Kosa lako si kuingia. Kosa ni kuingia halafu ukapigana kama mfupi. Mfupi akiingia amefika nyumbani, mikono yake inatosha nafasi iliyopo. Wewe ukiingia lazima ujitengenezee nafasi yako.

Anza na miguu. Nina hakika unaingia magoti yakiwa yamenyooka, kisha unainama kiunoni ili umfikie. Ukiinama hivyo uso wako unakuwa juu ya ngumi zake, ndiyo maana unaokotwa kidevu. Panua msimamo kidogo, kunja magoti, mgongo ubaki karibu wima. Kichwa chako kikae pembeni ya kichwa chake, paji la uso likielekea begani kwake, kidevu kikiwa kimefichwa nyuma ya bega lako. Usimpige kwa kichwa lakini, kiweke tu pale. Hili litakuunguza mapaja kabla halijakusaidia, na ndipo warefu wengi wanapokata tamaa.

Halafu viwiko. Ngumi yako ya kuzungusha inaangukia kisogoni kwa sababu kiwiko kinaondoka mbavuni na mkono unafunguka. Kwa mtu mwenye mkono mfupi kosa hilo halionekani sana. Kwako linavuka kichwa cha mtu. Kibandike kiwiko nyongani, zungusha nyonga na bega, mkono ufuate tu. Ngumi isafiri kiasi cha kiganja kimoja. Ukihisi imekuwa fupi kupita kiasi, hapo ndipo imekaa vizuri.

Na apakati ndiyo ngumi yako kuu humo ndani, kuliko zote. Mfupi akikubana kichwa chake kinakaa usawa wa kifua chako, na apakati inapanda wima katikati ya vifua viwili, haihitaji nafasi ya pembeni.

Shoto Mkali
Nimeshangaa hajatajwa Sebastian Fundora. Karibu mita mbili kwenye uzito wa kilo 69.85, anatumia mkono wa kushoto, na anabanana kana kwamba yeye ndiye mfupi! Mwaka 2022 alibadilishana na Erickson Lubin mpaka kona ya Lubin ikasema basi baada ya raundi ya tisa. Na Diego Corrales dhidi ya José Luis Castillo, Mei 2005: Corrales ndiye aliyekuwa mrefu, wakasimama paji kwa paji raundi baada ya raundi. Raundi ya kumi alianguka mara mbili, akainuka, akamaliza pambano raundi ileile.

Kona Nyekundu
Fundora huyohuyo alizimwa na Brian Mendoza Aprili 2023 raundi ya saba akiwa anaongoza kwa pointi. Alisimama karibu, kidevu juu. Na alipomshinda Tim Tszyu mwaka 2024 alitumia jebu na umbali kuliko kawaida yake. Msiseme nusu ya hadithi.

Mama wa Pedi
Hapo nakubaliana nawe, na ndilo nililokuwa naliendea. Mrefu anayepigana ndani hana sababu ya kukaa ndani dakika tatu nzima. Jebu ndiyo inayokupa njia: piga mbili za kichwa, ya tatu tumboni, mtu ashushe mikono, ndipo uingie na miguu yako. Ukiingia bila jebu unapigwa njiani, na njia yako ni ndefu kwa sababu mwili ni mrefu. Ukiwa ndani toa ngumi tatu au nne, kisha amua. Baki ukiwa umemgeuza, au toka nusu hatua.

Nusu hatua hiyo warefu wengi hawaijui. Mfupi ukimwachia nafasi ndogo hivyo ngumi zake zinapungukiwa, zako ndiyo kwanza zinapata upana. Anakufuata, anakutana na apakati. Fanya hivyo kwenye begi la kupigia ngumi mpaka uchoshe watu: ingia, piga tatu, rudi nusu, apakati, ingia tena.

Twiga wa Ulingo
Nashukuru mama, hili la magoti limenigusa kabisa. Swali moja: mkono usiopiga niuweke wapi? Nikiuacha bure ananishika, nikimshika mimi refa anatutenganisha na kazi yangu yote inapotea.

Shoto Mkali
Mkuu, usishike. Weka sehemu ya chini ya mkono, kati ya kiwiko na kifundo, juu ya msuli wa mkono wake. Hapo ndipo urefu wako unapolipa, unaizima ngumi kabla haijaanza. Ukihisi anakaza kutaka kupiga, bonyeza. Akilegea, piga kwa mkono wa pili. Angalia tu usimpige huku umemshika, na kiwiko kisipande usoni kwake.

Kona Nyekundu
Na kumbuka ni ridhaa, raundi tatu za dakika tatu. Kazi ya mbavuni inalipa raundi ya nane au ya tisa, wewe huna raundi hizo. Jaji aliyekaa upande wa mgongo wako haoni apakati yako hata iwe tamu vipi. Kila onyo rasmi nalo linakukata pointi. Ukitaka mtindo huu, ingia sekunde arobaini za mwisho za raundi, mwenzako akiwa amechoshwa na jebu, na umgeuze ili angalau majaji wawili waone ngumi zikifika.

Mama wa Pedi
Kona Nyekundu leo umeongea. Ila arobaini naona chache, mimi ningempa dakika nzima. Na Twiga, sparingi zako za mwanzo, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, fanya na mfupi mmoja mvumilivu, mkubaliane asipige kichwani. Apige mwili tu, wewe upige popote kwa nguvu ndogo. Ukianza kumzuia bila kuangalia mikono yake, mwambie aongeze na ngumi za kichwani.

Twiga wa Ulingo
Mfupi ninaye. Mvumilivu ndipo penye utata, ila nitamwomba.