Binti wa diwani wa zamani: niende kata au viti maalum?

BintiNgamiani:
Shikamooni wakubwa. Niko Tanga mjini, kata sitaitaja jina. Marehemu baba alikuwa diwani wetu vipindi viwili. Mimi nafanya kazi kwa wakala wa forodha bandarini, jioni nashika daftari la kikundi chetu cha mikopo ya halmashauri. Uchaguzi ujao nautaka udiwani. Tatizo, nikipita barabara ya 12 wazee wa kahawa hawaniiti jina: "Mtoto wa mheshimiwa, mtaro vipi?" Baba aliuahidi, haukujengwa, na masika maji yanaingia mpaka vyumbani. Wengine wananiambia nipitie viti maalum, jina la baba litanibeba. Nifanyeje? Na jina hili nilitumie au nilifiche?

Mzingani_Halisi:
Udiwani mmeufanya shamba la minazi la kurithishana. Pumzikeni, na wengine wapande.

MamaMjumbe:
Marahaba mwanangu. Huyo wa juu muache, ingawa hajakosea sana.

Jina kulificha, kwa Tanga ipi? Muuza mbaazi tu atakutajia ukoo mpaka kwa babu. Viti maalum si aibu. Wanu Hafidh Ameir, binti wa Rais Samia, aliingia Baraza la Wawakilishi kwa mlango huo, na 2025 akasimama Makunduchi, jimbo alilolishika mama yake 2010 hadi 2015. Ila jina lina kikomo. Ghana, Samia Nkrumah, binti wa Kwame Nkrumah, alichukua jimbo la Jomoro 2008, na 2012 wakamnyima, jina ni lile lile. Zanetor Rawlings, daktari wa watu na binti wa rais wa zamani Jerry Rawlings, ilibidi kwanza ambwage mbunge aliyepo ndani ya chama alichokiasisi baba yake, ndipo 2016 akachaguliwa mbunge.

Mimi kura za maoni nimepiga hadi nimechoka na khanga zenu. Nikwambie: viti maalum utachaguliwa na sisi akina mama wa chama, si na yule anayechota maji chumbani kwa ndoo. Na wewe unaloulizwa ni mtaro.

Basi nenda kwa mtendaji, omba mihtasari ya kamati ya maendeleo ya kata. Tazama kama mtaro uliwahi kuombewa fedha au uliishia jukwaani. Kisha uliza TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, maana tangu 2017 barabara za mitaa ziko kwao. Diwani hana greda. Ukirudi barazani na karatasi, hata kama inamuumbua marehemu, wataacha kumgombeza baba waanze kukugombeza wewe. Hapo kampeni imeanza.

Daftari la kikundi likabidhi mapema, mbele ya mashahidi. Zile asilimia 10 za halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, kila mtu anazipigia hesabu. Rejesho moja likichelewa mikononi mwako, mpinzani atalisoma mkutanoni kwa kipaza sauti.

BintiNgamiani:
Ahsante mama. Viti maalum nimeviacha. Mtendaji kataka barua, nimeshaiandika. Daftari ndilo linaniuma, kikundi nilikianzisha mwenyewe.

Mzingani_Halisi:
Ukimtaja mzee kwenye huo mkutano kama ulivyoambiwa, nitakuja kusikiliza. Kura siahidi.

MamaMjumbe:
Likabidhi hivyo hivyo. Na barua igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo.