Goma: ukingo wa ziwa ukifunguliwa, nani atafika majini?

Mwalimu wa Katindo, mwanzisha mjadala

Nafundisha shule ya msingi hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Muhula huu niliwashusha wanafunzi wangu ziwani kwa somo la viumbe vya majini. Kwa ndege anayeruka, kutoka darasani hadi majini ni karibu tu. Kwa miguu tulizunguka karibu saa nzima tukitafuta pa kupitia. Mtaa wa Himbi, ulio ukingoni, wote ni kuta: hoteli, nyumba ya tajiri, hoteli, ofisi ya shirika, tena hoteli. Mlinzi mmoja alituambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, huku wanaingia wateja."

Mwishowe tukatokea kwenye kichochoro ambako akina mama wanachota maji. Hapo ndipo tuliposhindwa. Mwanafunzi wangu mmoja anatembelea kiti cha magurudumu. Wavulana wawili wakubwa walimnyanyua na kiti chake juu ya makoro, yale mawe makali ya volkano, wakamtua ili wapumzike, na gurudumu dogo la mbele likaingia kwenye ufa wa jiwe likakwama. Kiti kikainama. Akasema, "Mwalimu, niacheni hapa hapa, mtanisimulia." Zilikuwa zimebaki hatua kama kumi na tano.

Goma haina mto. Mvua yote inamezwa na mawe ya volkano. Ziwa Kivu ndilo mto wetu na kisima chetu, na bado mtu anazaliwa mtaa wa Ndosho, anakua, anaoa, bila kukanyaga maji yake. Vuka petite barrière, ule mpaka wa miguu, uende Gisenyi, Rwanda: plaji ya ufukweni iko wazi, barabara ina miti, watoto wanaogelea bila kumlipa mtu. Ziwa ni lile lile.

Pendekezo langu: kipande kimoja cha ukingo kifunguliwe, kiwe bustani na uwanja wa kuchezea watoto, na mtoto wa kiti, bibi wa mkongojo na kipofu wafike hadi majini kama mtu mwingine yeyote. Sheria tunazo. Kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya Kongo ya 2006 kinawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee, na sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 imeandikwa kwa ajili ya haki za wenye ulemavu tu. Anayepinga apinge wazi.

Fundi wa Majengo

Napinga, Mwalimu, kwa heshima zote. Bembea haijazi bidoni, dumu la maji. Kuna kartye, mitaa, ambako ukifungua robine ya bomba unasikia hewa inapiga mluzi, halafu basi. Miradi ya bustani naijua: inaanza na karatasi yenye picha nzuri, watoto wa kwenye picha wote wanacheka, na inaisha na kibao. Kibao hakiibiwi.

Tena, mnajua kazi ya kusawazisha makoro? Lile jiwe la volkano la Januari 2002, lililopita katikati ya mji hadi likaingia ziwani, si udongo. Ama unalivunja kwa nyundo na patasi, mtu na jasho lake, ama unajaza kokoto na kumwaga zege juu. Simenti inauzwa kwa dola. Na mtasainiwa na nani? Tangu yale ya Januari 2025, M23 walipouchukua mji, barua yenyewe hujui uipeleke mlango gani.

Mama wa Bidoni

Ninyi mnazungumza kama ukingo ule hauna watu. Mimi niko pale saa kumi na moja asubuhi kila siku. Bidoni ya lita 20, kamba kwenye paji la uso, watoto wangu wawili nyuma na vibidoni vyao vya lita 5. Nikishuka natumia mikono, nikipanda natumia magoti. Nilipokuwa na mimba ya kitinda mimba wangu niliteleza, bidoni ikanitangulia majini, nikabaki nimeshika jiwe kama paka.

Kwa hiyo Mwalimu, usiseme mtoto wa kiti ndiye hafiki. Hata mimi wa miguu miwili sifiki, nafikishwa na njaa.

Lakini naogopa neno "bustani". Mahali pakipendeza, sisi tunakuwa uchafu. Nimeshaona kipande cha ukingo kikisafishwa kwa salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, tulibeba mawe wote, tukaimba. Baada ya muda kikawekewa seng'enge, viti vya plastiki, na bia ya bei ambayo mume wangu hawezi. Tengenezeni, ila mtuandike sisi kwanza kabla ya bembea.

Mwenye parseli, Himbi

Mimi ni mmoja wa hao wenye kuta mnaotukanwa. Parseli yangu, kiwanja changu, inagusa maji. Nilinunua na makaratasi yote, watu wa kadasteri, wapima ardhi wa serikali, walikuja kupima, mimi mwenyewe niliwashikia kamba. Leo niambiwe ni ya wote?

Tena semeni ukweli. Mahali pa wote Goma ni mahali pasipo na mwenyewe. Nani ataokota chupa? Nani atalinda usiku? Wekeni kiingilio, hata faranga 1000 tu, pata mfagiaji na mlinzi, patabaki pazuri. Bure inaoza.

Mama wa Bidoni

Papa, faranga 1000 yako, mimi nina watoto watano. Hiyo ni unga wa jioni. Hapo umeshajenga ukuta mwingine, tena huu hauhitaji matofali.

Mwalimu wa Katindo

Na kuhusu parseli, Papa, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema katika kifungu cha 53 kwamba udongo ni mali ya Dola peke yake, haiuzwi wala haipotezwi kwa kupita muda. Ulichonunua ni haki ya kutumia. Hakuna aliyetaja kukubomolea. Tunaomba njia mahali ambapo bado pana njia, kabla nayo haijapata geti.

Mchuuzi wa velo tatu

Nimesoma yote. Nina velo ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono. Miaka mingi riziki yangu imekuwa petite barrière, kuvusha mizigo. Mkinitengenezea bustani, sikilizeni mambo yanayoumiza kweli, si yale ya kwenye picha.

Mteremko. Watu wanamwaga zege la mwinuko kama paa la nyumba, halafu wanasema "tumewawekea njia". Kipimo kinachojulikana ni 1 kwa 12: kila sentimita 10 za kupanda, njia iwe na urefu wa mita 1 na sentimita 20. Ukingo wenye kimo cha mita 3 unataka mita 36, tena na sehemu tambarare za kupumzikia katikati, kwa sababu mikono inachoka. Pima kwanza, ndipo uahidi.

Choo. Ikiwa mlango ni mwembamba, mimi nakaa na kiu siku nzima ili nisihitaji kwenda. Wengi wetu tunaishi hivyo mjini, hamjui tu.

Halafu msitutengee kona. Ile "sehemu ya walemavu" yenye rangi yake na bembea yake moja huko nyuma, hapana. Mtoto anataka kusukumwa na mwenzake kwenye bembea ile ile. Iwekwe bembea ya kikapu, mtoto analala ndani hata kama mgongo haumshiki. Na kile cha kuzunguka kiwe usawa wa ardhi, kiti kiingie bila kunyanyuliwa. Kunyanyuliwa ndiko kunakochosha. Mtu anakunyanyua kama gunia la mkaa huku anaongea na mwenzake juu ya kichwa chako.

Fundi wa Majengo

Hapo kwenye mita 36 umenigusa, sasa unaongea lugha yangu. Mteremko wa hivyo hata chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inashuka na kupanda na bidoni kumi. Mama asingebeba mgongoni. Nilidhani mnataka bembea. Kumbe mnataka barabara ya kwenda majini. Hiyo mimi sipingi.

Mchuuzi wa velo tatu

Pole pole, Fundi. Chukudu yenye mzigo kwenye mteremko haina rafiki. Breki yake ni mguu wa kijana na kandambili. Ikinikuta katikati ya njia ya mita moja na nusu, mimi nitafika majini kweli, lakini kichwa mbele. Njia mbili, au njia moja pana yenye ukuta mdogo katikati na chuma cha kushikilia. Hili si dogo.

Jirani wa Keshero

Wote mmesahau mazuku, hewa mbaya ya ardhini. Huku upande wa magharibi, kuelekea Lac Vert na Bulengo, tunaishi nayo. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inalala mabondeni usiku na alfajiri pasipo upepo. Asubuhi unakuta mbuzi amelala, hajaguswa na mtu. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita bila kujua kitu, wakati mtoto anayetambaa pale pale anakata pumzi. Na aliyekaa kwenye kiti yuko chini kuliko sisi, msisahau.

Sasa wachoraji wa viwanja vya watoto wanapenda kuchimba: shimo la mchanga, kiwanja cha kuzama kama bakuli. Pengine ni uzuri, huku ni kaburi. Kabla ya jembe la kwanza, watu wa OVG, wale wa kuchunguza volkano, waje wapime mahali penyewe, na wapime alfajiri. Ukipima saa saba mchana jua likiwaka hutaona kitu, utaandika "salama".

Mwanafunzi wa Ndosho

Mimi naunga mkono kwa sababu moja tu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya abiria kutoka Minova ilizama ikikaribia bandari ya Kituku. Watu wengi walikufa majini huku wakiiona nchi kavu kwa macho. Mji mzima uko juu ya ziwa na wengi wetu hatujui kuogelea, tutajifunzia wapi? Hotelini? Kivu haina mamba wala viboko, ila inateremka ghafla: hapa maji ya magoti, hatua mbili mbele huna chini. Wekeni sehemu ya maji mafupi yenye kamba na maboya, na mtu wa kuangalia. Bembea mtaweka siku nyingine.

Mwenye parseli, Himbi

Sawa, mimi sijakataa watoto waogelee. Bado hamjajibu: nani atafagia?

Mama wa Bidoni

Sisi. Tuko pale kila siku, wewe unalala. Tupeni kibanda cha kuuzia sambaza, samaki wadogo, za kukaanga na chai, tutafagia kwa sababu ndipo tunapokula. Ila sehemu ya kufulia iwe mbali na ya kuchezea, sabuni na macho ya watoto havipatani. Na asubuhi hadi saa tatu ukingo ni wetu wa maji. Watoto waje baadaye.

Mwalimu wa Katindo

Nilikuja na bembea kichwani, nakubali. Nabadilisha pendekezo. Kwanza njia ya 1 kwa 12 hadi majini pale pale mama anapochota, pana, yenye chuma cha kushika na chukudu upande wake. Choo chenye mlango mpana. Kipimo cha mazuku kabla ya yote. Michezo ije ikiwa zege limebaki. Geti hakuna, na hapo kwa Papa wa parseli sirudi nyuma. Hoja ya kufagia nimeipokea, ya kiingilio hapana.

Jumamosi baada ya salongo nitakuwa kwenye kichochoro kile na kamba ya mita 50 na kipimamaji cha kuazima. Fundi, nakutegemea kwa kimo. Mchuuzi, ukiweza njoo na velo yako, tuone unakwama wapi. Mwanafunzi wangu naye atakuja, mama yake ameshakubali. Ameniuliza kama safari hii atashika yeye ncha ya kamba ya upande wa juu, nimemwambia ndiyo.

Fundi wa Majengo

Nitakuja. Kipimamaji usiazime, ninacho.