Chui milia India mwezi Aprili: tuingilie Delhi au Mumbai?

BintiKigamboni
Wakuu, salaam. Tunapanga siku nane India mwezi Aprili: mimi, mume wangu na mama mkwe wa miaka 66 anayesumbuliwa na mgongo. Tunachotaka ni kumwona chui milia tu. Wakala ametupangia Dar–Addis Ababa–Delhi, kisha treni hadi hifadhi ya Ranthambore na kuingia humo mara mbili. Je, mara mbili zinatosha? Vibali tumwachie yeye?

MsafiriIlala
Mara mbili ni chache mno, dada. Chui milia hutembea peke yake, msitu umefunga, na gari haliruhusiwi kuacha barabara. Wekeni walau mara tano.

Ranthambore ni nzuri, ila kwa anayetoka Dar njia nyepesi ni Mumbai. Air Tanzania huenda moja kwa moja. Angalieni kwanza siku zake, mengine yafuate. Kutoka Mumbai kuna ndege ya ndani hadi mji wa Nagpur, ulio karibu na hifadhi mbili za chui milia, kama saa moja na nusu angani. Tadoba iko kusini ya Nagpur na Pench kaskazini, kila moja saa mbili au tatu kwa gari.

Tadoba hufungwa Jumanne, kwa hiyo fikeni siku hiyo mpumzike. Ingieni Jumatano na Alhamisi asubuhi na alasiri, na Ijumaa asubuhi. Mchana hamieni Pench, muingie Jumamosi mara mbili na Jumapili asubuhi. Mkigeuza mpango, kumbukeni Pench upande wa jimbo la Madhya Pradesh hufungwa Jumatano alasiri. Mkiwa njiani kwenda Pench mtaona barabara kuu ya NH44 imeinuliwa juu ya nguzo inapokatiza msitu, wanyama wapite chini. Anayeijua barabara ya Mikumi ataelewa thamani ya kazi ile.

MamaSalim_Upanga
Mwanangu, kinachoharibu safari nyingi ni kibali. Usitegemee kukipata langoni siku hiyohiyo. Hukatwa mtandaoni miezi kadhaa kabla, kwa lango moja, tarehe moja na zamu moja. Jina na namba ya pasipoti huandikwa humo, na pasipoti yenyewe hukaguliwa mlangoni, nakala haitoshi. Ukibadilisha pasipoti baada ya kukata, namba hazitalingana na mnaweza kurudishwa.

Tovuti za kule mara nyingi hukataa kadi za benki za nje, ndiyo maana watu huiachia loji. Sawa, lakini msimalizie malipo kabla ya kutumiwa kibali chenye majina yenu. Kisomeni: ni cha eneo la ndani la hifadhi au la ukingoni? Hata ukingoni chui milia wapo, ila mjue mnacholipia. Wikiendi hujaa wakazi wa Nagpur, hivyo siku za Pench ndizo mzikate mwanzo.

Gari ni Gypsy ya wazi, abiria sita. Lipieni gari zima, na mama akae nyuma tu ya dereva. Siti ya mwisho imeinuka na hurusha sana kwenye mashimo. Kwa mgongo mbovu haifai kabisa.

Tabata_Juu
Aprili joto hupita nyuzi 40. Kwa mgonjwa wa mgongo ningesogeza mwanzoni mwa Machi.

MsafiriIlala
Hoja ya joto ni ya kweli, mkuu. Lakini Aprili majani yamekauka na maji yamebaki madimbwini, na chui milia hupenda kulala majini jua likiwaka. Mama aingie asubuhi tu, alasiri abaki kivulini. Wabebe maji na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na khanga ya kufunika kamera, vumbi ni kali. Julai hadi Septemba msifikirie, maeneo ya ndani hufungwa kwa mvua.

Mkibaki na njia ya Addis Ababa, kila mmoja awe na kadi ya njano. India huihesabu Ethiopia kuwa nchi yenye homa ya manjano, na Kenya pia. Asiye na kadi halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Kadi huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo.

BintiKigamboni
Asanteni sana. Na tukiwa ndani, tutazame nini?

MamaSalim_Upanga
Sikilizeni zaidi ya kutazama. Swala wa madoa aitwaye chital na nyani langur hupiga kelele za tahadhari wakimwona chui milia. Mwambieni dereva azime injini hapo na msubiri hata dakika kumi na tano, msikimbilie kila gari linalopita kwa kasi.