Tupeane uzoefu: taarifa ya mwaka ya shule ya sekondari inawashukuruje wananchi?

Mjumbe wa Bodi, Same

Ndugu zangu, natumaini hamjambo. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari ya kata huku Same, mkoani Kilimanjaro, na mwaka huu nimepewa kazi ya kusaidia kuandaa taarifa itakayosomwa mbele ya mgeni rasmi siku ya mahafali ya kidato cha nne. Taarifa za miaka iliyopita ninazo hapa mezani. Zote zinaanza na historia fupi ya shule, zikafuata idadi ya wanafunzi, ikama ya walimu na matokeo ya mitihani, kisha zinakuja changamoto, ambazo ndizo zenye kurasa nyingi: upungufu wa walimu wa hisabati na sayansi, nyumba za walimu, maji, uzio. Shukrani ni sentensi moja mwishoni, kwamba uongozi wa shule unawashukuru wadau wote kwa ushirikiano wao. Wadau hao ni akina nani na walifanya nini, taarifa haisemi.

Jambo hili linanigusa kwa sababu msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, uliojenga shule hii niliushuhudia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004 na kila kata ikahimizwa kuwa na sekondari yake, wazee wetu walibeba mawe na mchanga kutoka korongoni, na wengi wao watoto wao walikuwa wamekwisha kupita umri wa kusoma. Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza na ada ya shilingi 20,000 kwa wanafunzi wa kutwa ikafutwa, nimekuwa nikisikia watu wakisema kwamba shule sasa ni mali ya serikali na mwananchi hana tena kazi nayo. Naamini maneno hayo yamechangiwa na ukimya wetu sisi tunaoandika taarifa. Naomba mwenye uzoefu atueleze: kwenu mafanikio ya mwaka yanasomwaje, na waliochangia wanatajwaje?

Mwalimu wa Taaluma, Mbozi

Ndugu Mjumbe, umegusa mahali penyewe. Nimesoma taarifa za namna hiyo kwa miaka sita, na kwa miaka minne ya mwanzo niliwasomea wazazi mambo ambayo hawakuwa na njia ya kuyaelewa. Siku moja baada ya mahafali mzee mmoja alinifuata kunipongeza kwa sababu kijana wake alikuwa amepata pointi 31 na wa jirani yake amepata 12. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba katika mtihani wa kidato cha nne pointi zikiwa chache ndiyo ufaulu mzuri, kwamba daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17 na kwamba anayefikia 34 ameangukia sifuri. Nilimweleza kwa upole, lakini niliona uso wake ulivyobadilika, na sikulala vizuri usiku ule. Mzee yule alikuwa ametoa mbao za madawati.

Mwaka uliofuata nilibadili mambo mawili. Kwanza, matokeo niliyasoma kwa safari ya watoto: wangapi wamekwenda kidato cha tano, wangapi wamechaguliwa vyuo vya kati, wangapi wako vyuo vya ufundi vya VETA, na wangapi wamebaki nyumbani, kijiji kwa kijiji. Pili, nilichukua darasa lile lile na kulinganisha matokeo yake ya upimaji wa kidato cha pili na ya kidato cha nne, ili mzazi aone watoto wake wamepiga hatua gani mikononi mwetu. Njia hiyo ni ya haki kwa shule ya kata, ambayo haichagui wanafunzi wa kuwapokea. Binafsi nilifurahi Baraza la Mitihani lilipoacha, Januari 2023, kutangaza shule kumi bora, maana hapo awali nusu ya maswali ya wazazi ilihusu nafasi yetu kitaifa, na majibu yake hayakumsaidia mtoto yeyote.

Tangu nianze kusoma hivyo, wazazi hukaa hadi mwisho. Zamani wengi waliondoka mara tu vyeti vilipomalizika kugawiwa.

Mzazi, Kilosa

Mwalimu, shikamoo. Naomba nieleze upande wa pili, wa sisi tunaokaa kwenye viti vya nyuma.

Watoto wetu wanatembea mbali, kwa hiyo wazazi tulikubaliana kwenye mkutano mkuu kwamba wapate chakula cha mchana shuleni, kila kaya ikitoa mahindi na maharage kulingana na mavuno, na kina mama tukapokezana zamu ya kuni na maji. Mimi nilitoa debe mbili za mahindi, na zamu yangu ilikuwa Jumatano. Mwaka ule utoro ulipungua hadi mwalimu wa darasa la binti yangu akanieleza mwenyewe, kwa furaha, kwamba vipindi vya mchana sasa vina watu.

Ilipofika siku ya mahafali tulivaa vitenge vyetu tukaenda. Taarifa ilisomwa. Aliyetoa mifuko kumi ya saruji alitajwa kwa jina, akasimama, akapewa cheti kilichowekwa kwenye fremu. Mfanyabiashara aliyetoa mipira alitajwa. Kupungua kwa utoro kulitajwa miongoni mwa mafanikio, ila kulielezwa kuwa ni matunda ya usimamizi mzuri wa uongozi wa shule. Chakula hakikutajwa kabisa. Sikuwa nataka cheti, ndugu zangu. Nilitaka binti yangu, aliyekuwa amekaa mbele na joho lake la kukodi, asikie kwamba mama yake alikuwa na sehemu katika siku ile.

Muhula uliofuata kina mama kadhaa hawakuleta mahindi. Hawakugoma wala kugombana na mtu, hawakuleta tu. Mimi niliendelea kwa sababu bado nina mtoto kidato cha pili.

Mtendaji wa Kata Mstaafu, Sengerema

Nitasema kwa ufupi. Wananchi wanaponyanyua boma, yaani kuta za jengo lisiloezekwa, hadi usawa wa lenta na serikali ikaleta fedha za kupaua na kumalizia, taarifa nyingi huandika fedha ya serikali peke yake, kwa sababu ndiyo iliyokuja na barua. Nguvu kazi nayo inahesabika. Wekeni daftari la siku, watu na kazi iliyofanyika, kisha mhandisi aikadirie kwa shilingi, na iingie kwenye gharama za mradi. Mwaka 2021 yalipojengwa madarasa 15,000 nchini kwa fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19, wananchi walipumzika michango ya madarasa ya Januari, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Hata hivyo maeneo mengi tayari yalikuwa na maboma yaliyosimama kwa jasho lao, na maboma hayo yanastahili kuandikwa.

Mwanachama wa Chama cha Wazazi, Makueni

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku kwetu shule nyingi za sekondari zilianza kwa harambee baada ya uhuru wa mwaka 1963, na babu zetu waliuza mbuzi ili kuta zisimame. Mwaka 2018 serikali ilianza kumtengea kila mwanafunzi wa shule ya kutwa shilingi 22,244 za Kenya kwa mwaka, na leo hali ni kama aliyoieleza ndugu wa Same: kizazi cha sasa hakijui nani alianza.

Shule yetu ilijaribu jambo ambalo ningependa mlifikirie. Baada ya siku ya kuwatuza wanafunzi, mwalimu mkuu na wanafunzi wanne walipeleka ripoti kwenye baraza la chifu, wakaisoma kwa Kikamba. Waliohudhuria baraza wengi wao ni wakongwe wasio na mtoto shuleni, ambao hawaalikwi siku ya tuzo. Msichana mmoja aliwasomea alama yake ya fizikia na kuwaambia kwamba maabara aliyosomea imejengwa kwenye shamba lililotolewa na jamii. Wiki iliyofuata mzee mmoja alifika shuleni kuuliza kama miche ya miembe ingefaa.

Mjumbe wa Bodi, Same

Nawashukuru nyote, hasa dada yetu wa Kilosa, kwa kuwa nimerudi kwenye taarifa zetu nikakuta kosa lile lile: chakula cha mchana tunacho kwa mwaka wa tatu na hakijaandikwa popote. Nimezungumza na mkuu wa shule, naye amekubali kwamba kila fanikio litakaloandikwa mwaka huu lifuatwe papo hapo na jina la aliyelifanikisha, awe halmashauri, mwalimu, kitongoji au kundi la zamu ya kuni. Matokeo tutayasoma kwa njia ya Mwalimu wa Mbozi. Sehemu ya historia ya shule itasomwa kwa Kipare na mwanafunzi.

Nimeulizia pia daftari la msaragambo la wakati wa ujenzi. Limepatikana kwa mjane wa aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji, likiwa limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, ila kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Jumamosi nitakwenda na walimu wawili kukaa na wazee, ili watutajie majina yaliyokuwamo kabla hatujachapa taarifa.