Kikundi: KANISANI KWETU (BATI)

Mama Neema (Mhazini), saa 12:10 asubuhi
Tumsifu Yesu Kristo. Jamani, mvua ya jana imeingia upande wa altare. Vitambaa vimelowa, Katekista kavianika kwenye madirisha ya shule. Bati 12 na kofia 3 za paa zipo dukani Masasi, zimeshalipiwa. Bado misumari, gari na nguvu zetu. Kila kaya elfu kumi. Jumamosi msaragambo, saa 1 kamili. Naomba majina.

Mama Neema, saa 2:35
Mmesoma, naona. Majina basi.

Bibi Tekla
Milele amina. Mimi nina maharage.

Baba Tumaini
Bibi keshataja maharage, watakuja mpaka wa Newala 😂

Fundi Saidi
Jumamosi nipo. Ijumaa msinihesabu, kuna swala. Ngazi ndefu anayo nani? Ile ya shule vipago viwili vimevunjika.

Frenki (Mtwara mjini)
Shikamooni wakubwa. Niseme ukweli. Kaya ishirini na kitu, kila mwaka michango. Padri mwenyewe anafika mara moja kwa mwezi. Huku mjini kuna spika, kinanda, kwaya nne, na hakuna anayekupigia simu ya misumari. Kwa nini tusijiunge na kanisa kubwa yakaisha?

Mama Neema
Marahaba mwanangu. Kwenye hizo kwaya nne, ukikosa Jumapili tatu nani anajua? Mama Rehema alikosa moja tu. Katekista alitoka ibadani akapitia kwake kabla hajala, akamkuta kalala na malaria, watoto hawajapikiwa tangu jana yake. Jioni uji ulishafika na pikipiki ya kumpeleka zahanati ipo mlangoni. Na mama yako alipolazwa Mkomaindo, nani walilala kwenye mkeka chini ya kitanda? Wanawake wa kanisa hili, kwa zamu, tena msimu wa kuokota korosho.

Mama Rehema
Ni kweli tupu. Na Danieli wangu mnakijua kigugumizi chake. Darasani hanyooshi kidole. Hapa Katekista akampa somo la pili. Akakwama kwenye "Wathesalonike", akaanza upya, akakwama tena. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemmalizia. Tulikaa kimya mpaka akafika mwisho mwenyewe. Sasa anadai zamu yake kila mwezi. Kwenye watu elfu nani angempa hata hiyo zamu?

Katekista
Frenki, udogo si aibu. Masasi yenyewe 1876 ilianza na watu waliokombolewa utumwani, Askofu Steere akawaleta kutoka Unguja. 1882 Magwangwara, wale Wangoni, wakavamia, wengine wakachukuliwa mateka, wengine wakahamia Newala. Waliobaki waliendelea kusali. Dayosisi imekuja 1926, miaka 50 baadaye. Hawakusubiri wawe wengi.

Baba Tumaini
Katekista, bando langu la mia tano hilo 😂

Osmundi wa kwaya
Frenki rudi tu. Tangu uondoke besi naimba mimi na jogoo wa Bibi Tekla.

Bibi Tekla
Jogoo wangu muacheni.

Mama Neema
JAMANI MISUMARI.

Frenki
Ya mama nashukuru, siwezi kusahau. Lakini siku tunamzika baba, wangapi walikuwa mnadani? Jeneza tulilibeba wale wale mpaka makaburini, hakuna wa kupokezana. Hilo mbona halisemwi? Na mwaka wa saruji ilikuwa hivi hivi.

Mama Neema
Ya saruji yaliisha mbele ya wazee.

Frenki
Yaliisha kwenu.

*Baba Tumaini amefuta ujumbe huu.*

Babu Hilari, saa 1:45 usiku
(Naandika mimi mjukuu, babu anasema.) Frenki, baba yako alikuwa rafiki yangu. Siku ile hata mimi niliwahesabu watu pale kaburini. Waliokwenda kuuza korosho wamo humu na wanasoma. Waende kwa mama yako kwa miguu yao, radhi haiombwi kwenye simu. Lakini na wewe usikie. Umewajua wasiokuja kwa sababu hapa kila mtu ana mahali pake, asipokuwepo panaonekana. Huko kwa wengi usingejua hata wa kumdai ni nani. Mimi misa yangu ya maziko nataka isomwe hapa, chini ya bati lisilovuja. Nimemaliza.

Katekista
Tumesikia, babu.

Mama Rehema
Tumesikia.

Baba Tumaini, saa 3:20 usiku
Shikamoo babu. Kesho asubuhi nakwenda kwa mama Frenki. Mimi na mwenzangu, anajijua.

Frenki, saa 4:05 usiku
Nimekusikia babu. Misumari yote juu yangu, Mama Neema nitumie jumla. Kuja Jumamosi siahidi, meli ya korosho ipo na zamu za bandarini hazieleweki.

Mama Neema
Mungu akubariki. Gari sasa. Baba Tumaini, ile kirikuu inabeba Ijumaa jioni au Jumamosi alfajiri?

Baba Tumaini
Mwenyewe anasema Ijumaa ana magunia ya watu. Jumamosi anaweza, mafuta yetu.

Fundi Saidi
Bati zikifika saa 4 mvua itatukuta juu ya paa. Na ngazi hamjanijibu.

Mama Neema
Nampigia mwenye kirikuu sasa hivi. Majina ninayo tisa. Osmundi, umo au haumo?